Je, Leaf iliyotumika itanifikisha Kabale na familia?

Swali

Bwana Mhandisi, salamu. Mimi ni mkazi wa Ntinda, Kampala. Nina Nissan Leaf ya mwaka 2018 yenye betri ya kWh 40, iliyotoka Japani ikiwa imetumika. Kwenye dashibodi inaonyesha vistari 11 vya afya ya betri kati ya 12. Mjini sina shida nayo: naichaji nyumbani usiku, kisha natembea nayo siku mbili au tatu. Sasa tunataka kwenda Kabale kwa wakwe zangu wakati wa Krismasi, watu wazima wawili na watoto watatu, pamoja na mizigo. Shemeji yangu anasema tutalala barabarani Lyantonde, na mke wangu anaona heri tukodi gari la petroli. Asubuhi dashibodi huniambia nina kilomita 240. Je, safari hii inawezekana, na nijiandae vipi?

Jibu

Ndugu yangu, inawezekana, lakini si kwa siku moja, na kwa soketi za kawaida za hotelini haiwezekani kwa siku mbili pia. Kwa gari ulilo nalo na mzigo ulioueleza, safari ya Ntinda hadi Kabale ni ya siku tatu, yenye usiku mmoja Masaka na usiku mwingine Mbarara. Nalisema hili mapema ili wewe na mama watoto muamue kama mnaitaka safari ya namna hiyo kabla hatujaingia kwenye hesabu, kwa sababu wengi wanaokwama njiani hawakwamishwi na ubovu wa betri, bali na kupanga safari ya gari la umeme kana kwamba ni basi linaloondoka Kampala alfajiri na kushusha abiria Kabale mchana. Shemeji yako hakukosea kuitaja Lyantonde: iko katikati ya Masaka na Mbarara, na Leaf kama yako ikitoka Kampala na kupita Masaka bila kuchajiwa, itaishiwa hapo hapo au kabla ya kufika.

Tuanze na hizo kilomita 240, kwa kuwa ndizo zinazokupa moyo. Namba hiyo ni makisio. Gari huchukua umeme uliobaki kwenye betri na kuugawa kwa jinsi ulivyoliendesha siku za karibuni, na siku hizo umekuwa ukienda peke yako, kwa mwendo wa foleni, huku kila unapoachia pedali motor inarudisha umeme kidogo kwenye betri. Siku utakapoingia barabara ya Masaka ukiwa na watu watano na buti iliyojaa, namba hiyo itaanza kushuka haraka kuliko kilomita unazopita, na dereva asiyeelewa kwa nini huingiwa na hofu akiwa hajafika hata Mpigi. Usiifuate. Fuata asilimia ya betri, na ubadilishe mita ikuonyeshe asilimia kwa maandishi makubwa kabla hujatoka nyumbani.

Hesabu nitaifanya kwa yuniti, zile zile unazonunua kwenye Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, maana yuniti moja ndiyo kWh 1. Betri ya 40 ilipokuwa mpya haikutoa zote 40. Ilitoa kama 37 au 38 tangu kujaa mpaka gari kusimama. Kistari cha kwanza cha afya hupotea betri inaposhuka hadi karibu asilimia 85 ya uwezo wake wa awali, na cha pili hupotea inapokaribia 79, kwa hiyo mwenye vistari 11 yuko mahali fulani katikati. Tuchukue 82. Hapo unabaki na yuniti 31 za kutumia. Leaf iliyobeba watu watano, ikienda kilomita 80 kwa saa kwenye lami yenye vilima vya kawaida, hula kama yuniti 16 kwa kila kilomita 100. Gawanya, utapata kilomita 190 na kidogo, na kwa kuwa hakuna mtu mwenye busara anayepanga kufika na betri tupu, toa moja ya tano ya akiba. Kilomita 155 ndizo zako za kupangia safari, na namba hiyo ndiyo uiandike kwenye karatasi badala ya 240.

Sasa iweke barabarani. Kutoka Kampala hadi Masaka ni karibu kilomita 130, na kwako wa Ntinda ongeza kama 10 za kuzunguka kwa Northern Bypass mpaka Busega. Masaka hadi Mbarara ni karibu 140. Mbarara hadi Kabale ni karibu 145. Kwa bahati njema, vipande vyote vitatu vinaingia ndani ya 155, na kila kimoja kinaishia kwenye mji mkubwa wenye hoteli nyingi. Ndiyo maana sikushauri kujaribu kuunganisha viwili kwa siku moja kwa soketi ndogo: utafika Masaka saa tano asubuhi ukiwa na asilimia 28 hivi, na ili urudi kwenye 100 utahitaji saa kumi au kumi na moja za kuchaji, yaani utakuwa tayari kuondoka saa nne usiku, wakati malori yako barabarani na watoto wamelala.

Foleni ya Kyengera, mnapotoka Kampala, isikutishe. Gari la umeme likisimama halili chochote kwa ajili ya motor, na kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwa saa nzima hula kama yuniti moja au chini yake. Washa kiyoyozi, mkae vizuri. Kinachokula betri ni mwendo, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ndipo safari yako itakapofaulu au kushindwa. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka 80 kwenda 100, unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Gari ambalo lilikuwa likila 16 litaanza kula 19 au 20. Katika kilomita 140 za Masaka hadi Mbarara, kwenda 100 badala ya 80 kutakuokolea dakika 21 kama barabara ni tupu kabisa, jambo ambalo wakati wa Krismasi halitatokea. Kwa dakika hizo utakuwa umetumia karibu yuniti 5 za ziada, na soketi ya hotelini itahitaji zaidi ya saa mbili kukurudishia. Kila haraka unayoifanya kwenye lami unailipa mara sita kwenye ukuta wa hoteli. Kwa hiyo kaa upande wako, nenda 75 au 80, waache taksi na mabasi wapite, na usione haya kupigiwa honi.

Suala la kuchaji ndilo lenye mambo mengi, na ndilo wanaouza magari haya hawalisemi. Nchi haina upungufu wa umeme kule unakozalishwa. Bujagali ina megawati 250, Isimba 183, na Karuma peke yake ina 600. Upungufu uko kwenye waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya hoteli kwenda kwenye soketi iliyo karibu na maegesho.

Kwanza fahamu chaja iliyo ndani ya gari lako mwenyewe. Magari ya kWh 40 yaliyouzwa Japani mengi yana chaja ya ndani ya kilowati 3, na ya 6 ilikuwa ya kuongezea pesa. Kama yako ni ya 3, hata ukipata soketi kubwa ya viwandani haitapokea zaidi ya hapo, na kwa soketi mpango wa siku tatu hauna njia ya mkato. Kama ni ya 6, na ukapata Masaka mahali penye soketi ya buluu ya ampea 32, unaweza kufika asubuhi, ukachaji kwa saa nne watoto wakila na kucheza, kisha ukaendelea na kulala Mbarara siku hiyo hiyo. Bila kituo cha kuchaji haraka, hiyo ndiyo njia pekee ya kuifanya safari yako ya siku mbili. Njia rahisi ya kujua chaja yako ni kumwomba fundi umeme apime ampea gari linapochaji kwenye waya mkubwa: lisipovuka 15 au 16, ni la kilowati 3.

Pili, ule waya uliokuja na gari kutoka Japani uuache nyumbani. Umetengenezwa kwa volti 200, mwingine kwa 100, kwa kuwa ndizo zinazotumika majumbani kule. Sisi tuna 240. Nimeona mafundi wakikata kichwa chake na kufunga plagi yetu ya pini tatu, na mara nyingine unafanya kazi kwa miezi bila tatizo, lakini siwezi kumshauri mtu alale na watoto chumba cha juu huku waya wa namna hiyo ukichaji gari chini ya dirisha. Nunua waya wa safari wa volti 240 wenye kichwa cha Type 1, kinachoingia kwenye tundu la kawaida la kuchajia la gari lako, na ambao una kitufe cha kuchagua ampea: 6, 8, 10, 13 au 16. Kitufe hicho ndicho kitakachokuokoa.

Tatu, kwenye soketi ya kawaida weka ampea 10, usiweke 13. Soketi ya nyumbani imeandikwa 13, lakini imezoea pasi ya nguo kwa dakika kumi au birika kwa dakika tano. Haijazoea kubeba mzigo mkubwa kwa saa kumi mfululizo. Baada ya nusu saa ya kuchaji, rudi ushike plagi kwa mkono. Ikiwa ya uvuguvugu, sawa. Ikiwa huwezi kuishikilia, punguza hadi 8. Ukiitoa na kuona shaba imekuwa nyeusi au plastiki pembeni ya tundu imegeuka rangi ya chai, na kuna harufu ya kitu kinachoungua, hama soketi hiyo kabisa, kwa sababu ndani skrubu imelegea na hakuna ampea itakayoitibu. Ekstensheni uikatae, ila kama ni yako mwenyewe, ya waya mnene wa milimita za mraba 2.5, na umeikunjua yote; iliyozungushwa kwenye gurudumu lake hupata moto katikati mahali usipopaona.

Kwa ampea 10 unapata kilowati 2.4 kutoka ukutani, na baada ya hasara za kuchaji zinaingia kwenye betri kama yuniti 2.1 kwa saa. Hapo ndipo zinapotoka zile saa kumi na moja nilizozitaja. Jioni, wageni wakiwa wanaoga na jikoni pakiwa pamepamba moto, volti kwenye miji midogo hushuka, na kasi ya kuchaji hushuka nayo. Usishangae. Chomeka mara ufikapo, usingoje mpaka baada ya chakula, maana ukikatika umeme saa saba usiku utashukuru kwa kila yuniti iliyokwisha kuingia.

Nne ni ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Waya wa kuchaji huangalia kama soketi ina waya wa ethi kabla ya kuruhusu umeme, na usipouona huwasha taa nyekundu na kukataa. Hoteli nyingi za zamani zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la tatu halikuunganishwa na kitu chochote. Hii ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya gari kukataa kuchaji mahali ambapo simu na televisheni vinafanya kazi vizuri, na meneja ataapa kuwa gari lako ndilo bovu. Nunua kile kipima soketi kidogo chenye taa tatu, kinapatikana kwa wauza vifaa vya umeme mjini Kampala, ukichomeke kabla ya kulipia chumba. Hali kama hiyo hutokea hoteli inapowasha jenereta: jenereta nyingi ndogo hazikuunganisha nyutro na ethi, na waya wako utakataa ingawa umeme upo. Wapo watakaokuonyesha namna ya kuudanganya waya. Wakatalie. Kinga hiyo imewekwa kwa ajili ya mtoto anayeshika mlango wa gari akiwa peku kwenye maegesho yenye maji.

Kwa hiyo kazi kubwa ya safari hii utaifanya kwa simu, wiki moja au mbili kabla, ukiwa umekaa sebuleni kwako. Usimuulize mpokea wageni kama wana mahali pa kuchajia magari ya umeme. Atasema hapana, au atasema ndiyo akidhani unaulizia simu. Muulize kama kuna soketi inayofikika kutoka mahali gari linapoegeshwa, kama hoteli ina mtu wa matengenezo, na uombe kuzungumza na huyo mtu wa matengenezo. Muulize yeye kama soketi hiyo ina ethi, inatoka kwenye breka yake peke yake au inashirikiana na jiko, na jenereta huzimwa saa ngapi. Kisha zungumza na meneja kuhusu malipo, na umwambie ukweli: gari litakula kama yuniti 25 usiku mmoja. Kwa bei ya umeme wa nyumbani ya karibu shilingi 800 kwa yuniti, hiyo ni kama 20,000. Mpe 30,000 na hatakuwa na neno. Meneja akiwa na wasiwasi, pigeni picha mita ya Yaka jioni na asubuhi, wote wawili mkiwa mmesimama pale. Nimegundua kwamba hofu yao karibu daima ni kwamba gari litamaliza yuniti zote usiku na hoteli ibaki gizani. Ukiwalipa kabla ya kulala, hofu hiyo huisha.

Katika kila mji uwe na namba ya mahali pa pili. Usitegemee kituo cha kuchaji haraka ambacho hujakipigia simu ukathibitisha mambo mawili: kwamba kinafanya kazi wiki hiyo, na kwamba kina kichwa cha CHAdeMO, ambacho ndicho kinachoingia kwenye lile tundu kubwa la mbele ya gari lako. Vituo vilivyojengwa kwa ajili ya magari ya Kichina huwa na GB/T, vya magari ya Ulaya huwa na CCS2, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokufaa. Ukikipata, kitumie, ila jua kwamba betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza. Ikitoka kwenye mwendo wa barabarani na kuchajiwa haraka hupata joto, na gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji ili kuilinda.

Kipande cha Mbarara hadi Kabale kinahitaji neno la pekee, kwa sababu kilomita zake zinadanganya. Mbarara iko kwenye mita kama 1,430 juu ya usawa wa bahari, na Kabale karibu 2,000. Gari lako pamoja na watu na mizigo ni tani 1.9 hivi, na kuinua uzito huo mita 570 hugharimu karibu yuniti 3, sawa na kilomita 19 za barabara tambarare, kabla hujahesabu vilima ambavyo unavipanda na kuvishuka katikati. Kwa mwendo wa 80 ungefika Kabale na asilimia 15 tu, na mimi singeikubali namba hiyo nikiwa na watoto. Nenda 70. Hapo unafika na zaidi ya 20. Ukiona umefika Ntungamo na chini ya asilimia 55, tafuta mahali pa kula penye soketi, kaa saa moja na nusu. Utaongeza yuniti 3, ambazo zinatosha kulipia ule mlima. Mteremko utakurudishia sehemu ya umeme uliotumia kupanda, si wote, kwa hiyo usihesabu kushuka kama faida. Jioni Kabale ni baridi, na hita ya gari hula kuliko kiyoyozi. Leaf nyingi za Japani zina viti vinavyopashwa moto, navyo vinakula umeme kidogo sana.

Nyumbani kwa mama mkwe mtakaa siku kadhaa, kwa hiyo hapo hakuna haraka. Weka ampea 6 au 8 kwenye soketi yenye ethi na uache gari lijaze polepole kwa usiku mbili, na umpelekee mwenye nyumba yuniti zake za Yaka kabla hajauliza. Siku ya kurudi, usijaze mpaka 100. Acha kwenye 90. Betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea umeme wa mteremko, breki za motor hudhoofika, na utajikuta unashuka milima ya Rukiga kwa breki za kawaida peke yake. Weka gia kwenye B na uliache gari lijishikilie lenyewe. Hizo asilimia 10 hutazikosa, kwa kuwa kurudi Mbarara unashuka kuliko unavyopanda.

Kuhusu kuharibikiwa, jambo linalowasimamisha watu wa Leaf mara nyingi si betri kubwa bali ile ndogo ya volti 12, ambayo ikifa gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Ipime kabla ya safari, na ubebe nyaya za kuwashia. Leaf nyingi za Japani hazina tairi la akiba, zina chupa ya gundi na pampu, na gundi ya gari lililokaa miaka hukauka. Tafuta tairi la akiba la kweli hata kama litakula nafasi ya mzigo. Ikitokea umekwama, gari lipakiwe lote juu ya lori. Usikubali livutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakigusa chini, kwa sababu hayo ndiyo yaliyounganishwa na motor. Kabla ya kusimama kabisa, gari litakuonya mara kadhaa, na la mwisho ni picha ya kobe kwenye dashibodi. Kobe akitokea, una kilomita chache mno. Ingia mahali penye watu, usijikaze.

Kati ya Lyantonde na Mbarara, nchi ni ya ng'ombe, na kuna vituo vya kupozea maziwa kando ya barabara. Vituo hivyo vina mashine kubwa za baridi, na kwa hiyo vina umeme wenye nguvu na mara nyingi fundi wa zamu. Mashine za kusaga nafaka nazo ni hivyo hivyo. Mtu aliyekwama na asilimia 8 hupata msaada wa haraka zaidi hapo kuliko kwenye kituo cha petroli. Omba kwa heshima, eleza, lipa vizuri.

Piga simu pia kuulizia barabara yenyewe. Mwezi Mei 2023 maji ya Mto Katonga yalipolibomoa daraja kwenye barabara ya Masaka, magari yalizungushwa kupitia Gomba na Sembabule, na mzunguko wa namna hiyo mwenye petroli huulalamikia tu, lakini wewe utakumaliza betri. Ukisikia jambo kama hilo siku ya safari, rudi nyumbani ukaanze kesho.

Na gharama, tusidanganyane. Kwenda Kabale utatumia yuniti kama 75 pamoja na zinazopotea katika kuchaji, yaani shilingi 60,000 kwa bei ya nyumbani. Gari la petroli la ukubwa huo lingekunywa lita 37 hivi, na kwa shilingi 5,000 kwa lita ni kama 185,000. Lakini wewe utalipia familia nzima vyumba usiku mbili, kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Kwa safari hii umeme hautakupunguzia gharama. Mke wako akisema gari la kukodi ni nafuu, yuko sahihi kwa upande wa pesa. Uende na Leaf kama mnapenda kusafiri polepole na kama mna watu wa kuwaona Masaka na Mbarara.

Kabla ya kuamua, fanya jaribio moja Jumamosi hii. Jaza betri mpaka 100, pakia familia yote na mizigo yenye uzito ule ule, nendeni Kayabwe kwenye mstari wa Ikweta kwa mwendo wa 80, mpige picha, mrudi bila kuchaji. Kwenda na kurudi kutoka Ntinda ni karibu kilomita 165, zaidi kidogo ya kipande chochote cha safari yako, na ni barabara ile ile. Ukifika Kayabwe angalia asilimia: 55 au zaidi ni dalili njema. Ikiwa chini ya 50, rudini kwa 70, kwa maana betri yako si ya 82 kama tulivyokisia. Ukiingia getini kwako na asilimia 12 au zaidi, anza kupigia hoteli za Masaka simu. Ukiingia na chini ya hapo, au ukaingia na kobe, kodi gari.